Anayesubiri zamu naye anajifunza kinanda

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika gazeti lako nichangie hoja iliyozuka hivi karibuni katika kikao cha wazazi hapa Iringa, hoja ambayo bila shaka inawagusa pia wasomaji wa Mbeya, Njombe, Makambako na Mafinga, maana huko nako wapo wazazi wanaowapeleka watoto wa miaka mitano, sita au saba kujifunza kinanda. Baba mmoja, mtu wa heshima zake na ambaye hajawahi kuchelewa kulipa ada, alisimama akasema: "Mwalimu, mimi nimelipa mtoto wangu ajifunze kupiga. Sikulipa akae kwenye benchi awatazame wenzake wakipiga." Alitaka watoto wafundishwe mmoja mmoja, kila mtu na nusu saa yake, na wazazi kadhaa wakamuunga mkono. Siku ile sikumjibu ipasavyo, kwa kuwa kikao kilikuwa kimeshavuka saa saba na wajumbe walikuwa wameanza kuutazama mlango. Namjibu leo kwa maandishi, kwa adabu zote, kwamba mtoto aliyekaa kwenye benchi akisubiri zamu yake, ikiwa darasa limepangwa vizuri, naye yumo katika kujifunza kinanda, na pengine anajifunza jambo ambalo yule anayepiga hana nafasi ya kulipata kwa wakati huo.

Kwanza nikiri kwamba malalamiko yake yana mizizi. Mjukuu wangu aliwahi kusoma katika shule moja ya binafsi iliyojitangaza kwamba inafundisha muziki. Darasa lao lilikuwa na watoto 28 na vinanda viwili, na kipindi kilikuwa cha dakika 40. Msomaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe: watoto 14 kwa kinanda kimoja, yaani hata dakika tatu hazitimii kwa kila mtoto, na hapo hujatoa muda wa kuita majina na kuamua ugomvi. Baada ya muhula mzima mjukuu wangu alirudi nyumbani akiwa hodari wa jambo moja tu, nalo ni kukijua kitufe cha demo, kile ambacho ukikibonyeza kinanda kinajipigia chenyewe. Siku ya mahafali watoto walipangwa nyuma ya vinanda wamevaa tai, vinanda vikapiga, watoto wakachezesha vidole juu yake, na sisi wazazi, mabibi na mababu tukashangilia. Nami nilishangilia. Lakini lile halikuwa darasa la kikundi, lilikuwa daladala ya saa kumi na moja jioni, na mzazi aliyeyaona mambo kama hayo ana haki ya kuogopa.

Kikundi ninachokisema mimi ni cha watoto wanne, wakizidi sana watano. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nimepiga kinanda katika kwaya kwa zaidi ya miaka 20, na kila Jumamosi asubuhi nafundisha vikundi vitatu, kimoja baada ya kingine, katika ukumbi mmoja wa hapa Kihesa. Kinanda ni kimoja. Mtoto mmoja hukaa kwenye kinanda. Wawili hukaa na vibao vya mbao vilivyochorwa mfano wa kinanda, ambavyo watoto wenyewe wamevibatiza jina la "bubu". Wa nne hushika ngoma ndogo na kazi yake ni kulinda mapigo yasikimbie wala yasilale. Baada ya dakika mbili au tatu wanabadilishana. Katika kipindi cha dakika 45 kila mtoto hugusa kinanda chenyewe kwa dakika kumi hivi, na muda uliobaki hakuna hata mmoja anayetazama dari, kwa sababu anayepiga bubu analazimika kuimba kile anachokibonyeza, maana asipoimba hakuna atakachosikia.

Ngoja nieleze jambo dogo lililotokea mwezi wa Juni, katika ile baridi yetu inayowafanya watoto waje na masweta mawili na vidole vigumu kama vijiti. Mvulana wa miaka sita alikuwa kwenye kinanda akipanda kutoka do hadi do ya juu. Kwenye bubu alikuwapo binti wa umri wake, ameinamia ubao wake, na siku hiyo alikuwa bado hajapata zamu ya kinanda. Mvulana akapiga do, re, mi, sol. Binti, bila kuinua kichwa, akasema: "Umeruka fa." Mvulana akabisha. Binti akaimba yote mawili, kwanza kama mwenzake alivyopiga, kisha kama inavyotakiwa, na mvulana akarudi kuitafuta fa kwa alama yetu: vile vibao vyeusi viwili vya kinanda vilivyokaa pamoja tunaviita mapacha, na vile vitatu tunaviita mafiga, kwa hiyo do iko kushoto kwa mapacha na fa iko kushoto kwa mafiga. Akaipata. Mimi nilikuwa sijafungua mdomo. Namuuliza mzazi mwenzangu: siku ile kati ya wale wawili ni nani aliyejifunza zaidi, aliyekuwa kwenye kinanda au aliyekuwa akisubiri?

Mtoto anayefundishwa peke yake anasahihishwa na mwalimu, tena mara nyingi kabla sikio lake halijapata muda wa kushtuka. Mwalimu anasema "hapo siyo", mtoto anahamisha kidole, somo linaendelea. Katika kikundi kosa hubaki hewani kidogo, likasikika na masikio manne, na mmoja akalidaka. Watoto wetu wa nyanda hizi za juu wanaingia darasani wakiwa tayari ni waimbaji. Wamebebwa mgongoni kwenye mazoezi ya kwaya, wamekulia Utoto Mtakatifu au shule ya Jumapili, na ukienda Rungwe au Makete utawakuta wa miaka minane wanaoshika sauti ya pili bila kufundishwa na mtu. Kumfungia mtoto wa namna hiyo chumbani peke yake na kinanda ni kuuacha nje ya mlango ule muziki alionao tayari.

Kuna somo jingine ambalo sijui ningelifundishaje bila kikundi. Nota za solfa tunazoimbia kwaya zetu zilienezwa katika karne ya 19 na mchungaji Mwingereza, John Curwen, aliyeiendeleza kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, na msingi wake ni kwamba do haina makao ya kudumu: wimbo ukiwa juu do inapanda, wimbo ukiwa chini do inashuka. Mwanakwaya analijua hili kwa koo lake. Lakini wapiga kinanda wetu wengi, nami nilikuwa mmoja wao kwa miaka sita ya mwanzo, tunajifunza do moja tu, ile iliyo kushoto kwa mapacha, kisha nyimbo nyingine zote tunazihamisha kwa kitufe cha transpozi, kile kinachopandisha au kushusha sauti za kinanda kizima. Kitufe hicho ni rafiki mpaka siku kitakapokugeuka. Jumapili moja aliyepiga misa ya kwanza alikiacha kinanda kimepandishwa hatua tano, nami nikaja misa ya pili nikaanzisha wimbo wa mwanzo bila kutazama. Akina mama wa sauti ya kwanza waliifuata ile sauti hadi ubeti wa pili, wakafika mahali pasipofikika, wakabaki wanatazamana. Padre alikuwa ameshafika altareni.

Kwa sababu ya aibu ile, watoto wangu nawachezesha mchezo tunaouita "do amehama". Nawaambia do leo amehamia nyumba ya sol, na wao wapande ngazi kuanzia pale kwa vibao vyeupe huku wote wakiimba. Wanapanda vizuri, do, re, mi, fa, sol, la, na wakifika ti nyuso zote nne zinakunjamana kwa pamoja. "Ti amelala," alisema mmoja wao siku ya kwanza, na kwa kweli sijawahi kusikia mtaalamu akiieleza vizuri kuliko hivyo. Wanabishana, wanajaribu huku na kule, na mwisho wanagundua kwamba ti yao si kibao cheupe tena, ni figa la kwanza. Do akihamia nyumba ya fa, anayekosekana ni fa mwenyewe, naye wanamkuta kwenye figa la tatu. Shapu na flati, yaani majina ya vibao hivyo vyeusi, yatakuja baadaye. Ningeweza kumwambia mtoto mmoja katika somo la peke yake, "hapa piga cheusi", naye angepiga kwa utii. Lakini mtoto aliyebishana na wenzake watatu juu ya cheusi hicho hatakisahau, na siku moja kwaya fulani itakuwa na mpiga kinanda asiyetegemea kitufe.

Wapo wanaodhani kwamba kufundisha kwa vikundi ni mbinu ya maskini wasio na vyombo. Sivyo. Mwanamuziki mzaliwa wa Ujerumani, Johann Bernhard Logier, alikuwa akifundisha wanafunzi wengi wa piano kwa pamoja huko Dublin tangu miaka ya 1810, na wanamuziki wa London walimshambulia kwa maneno yanayofanana sana na yale tuliyoyasikia kikaoni. (Logier alikuwa pia na kifaa cha kuishikilia mikono ya mwanafunzi juu ya piano ili ikae inavyotakiwa, alichokipatia hataza mwaka 1814, hicho wamuache nacho, sitakileta Kihesa.) Huko Japani, nchi isiyo na upungufu wa piano, kampuni ya Yamaha ilianzisha madarasa yake ya muziki mwaka 1954, na mpaka leo watoto wa miaka minne na mitano husoma kwa vikundi, wazazi wao wakiwa kando yao, kwa mpangilio wa kusikia kwanza, kisha kuimba, kisha kupiga, na kusoma nota mwisho. Wenye viwanda vya piano wameona mtoto mdogo aanze na masikio ya wenzake, nasi tunaona haya.

Sasa niseme machache kuhusu vyombo, maana maswali ni mengi. Piano yenyewe, ile yenye vibao 88 na nyuzi zipatazo 230 zinazogongwa na vinyundo vilivyofunikwa manyoya yaliyoshindiliwa, si lazima kwa miaka ya mwanzo, na katika nyanda zetu ni chombo chenye kudeka: mbao zake hunywa unyevu wa mvua za Novemba hadi Aprili, kisha hukauka kiangazi kizima, na sauti zinachepuka kabla fundi hajapatikana. Kinanda cha umeme cha vibao 61 kinatosha. Upana wa vibao vyake kwa jumla haufiki sentimita 90, lakini watoto wawili wa miaka sita hukaa hapo bega kwa bega, mmoja akipiga chini na mwenzake juu. Jambo ambalo mzazi au kamati isikubali kupunguziwa ni kinanda kitambue uzito wa kidole. Bartolomeo Cristofori aliitengeneza piano huko Florence, nchini Italia, karibu na mwaka 1700, kwa sababu hiyo hiyo, kwamba mpigaji aweze kupiga kwa upole au kwa nguvu na sauti imfuate. Vinanda vingi vya bei rahisi vinatoa sauti ileile hata ukivigonga kwa ngumi, na mtoto aliyeanzia huko anazoea kugonga. Vile vyenye vibao vyembamba vya kuchezea waachieni watoto wachanga.

Bubu nao wana masharti yao. Fundi seremala wetu alinikatia ubao safi wa msonobari wa Mufindi, akachora vibao vyeupe vya upana wa sentimita mbili na nusu kila kimoja, kwa kuwa tepu yake ilikuwa imefutika milimita na yeye aliona milimita moja na nusu hapa na pale haitamuumiza mtu. Kibao cheupe cha kinanda cha kawaida kina milimita 23.5, na saba, yaani kutoka do hadi ti, vina sentimita 16 na nusu. Kwa vipimo vya fundi wangu vilifika 17 na nusu. Watoto walifanya mazoezi mwezi mzima, na walipohamia kwenye kinanda kila aliyeitafuta do ya juu kwa kidole cha mwisho aliikosa akapiga re. Mkono wa mtoto unakumbuka sentimita moja kuliko tunavyodhani. Tuliupiga ubao randa, tukachora upya, na tangu hapo umeme ukikatika na betri za kinanda zikiisha somo linaendelea kwa bubu na ngoma kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba kikundi kinatibu kila kitu. Mkono unaolegea kwenye kiwiko, kidole gumba kinachojificha chini ya ubao, mabega yanayopanda hadi masikioni, haya mwalimu huyaona vizuri zaidi akiwa na mtoto mmoja. Yupo pia mtoto anayejificha ndani ya kundi. Nilikuwa na mmoja, mpole sana, aliyekuwa akifungua mdomo pamoja na wenzake bila kutoa sauti, na ilinichukua muhula mzima kumgundua; lile lilikuwa kosa langu, na mama yake nilimwomba radhi. Kwa hiyo sasa kila mtoto hubaki nami peke yake dakika tano mara moja kwa mwezi, na akishafikisha miaka minane au tisa, mkono wa kushoto unapoanza kufanya kazi tofauti na wa kulia, namwongezea kipindi chake mwenyewe bila kumtoa kwenye kikundi. Huyo mzazi aliyetaka nusu saa ya peke yake hajakosea jambo, amekosea umri.

Kwa upande wa shule, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, na mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 imelipa nafasi somo la Sanaa na Michezo. Sitarajii shule ya msingi ya Kilolo au Ileje inunue vinanda kumi. Kinanda kimoja, bubu watatu na ngoma moja vinatosha kona ya watoto watano, wakati wenzao wanaimba na mwalimu upande wa pili, na kila juma kona inapokea watoto wengine. Kisichofaa ni kumweka mbele ya kinanda kila aliyemo darasani ndani ya kipindi kimoja ili picha ya mahafali ipendeze.

Kubwa kuliko fedha ni ufunguo. Katika kigango kimoja nilichowahi kutumikia kulikuwa na kinanda kizuri kilichofunikwa kitambaa cha kufumwa, kikafungiwa sakristia tangu Jumatatu hadi Jumamosi jioni, na mtoto aliyekisogelea aliambiwa "kinanda si mchezo". Kilipigwa kwa muda wa saa tatu tu kwa juma. Naziomba halmashauri za walei, mabaraza ya wazee wa kanisa na kamati za kwaya, kuanzia Iringa mpaka Tunduma, zikubali kinanda kiwe nje Jumamosi asubuhi, chini ya macho ya mtu mzima mmoja, mikono ya watoto ikiwa imeoshwa. Vibao vya kinanda huharibiwa na vumbi na panya zaidi ya vidole vya mtoto wa miaka sita, na hili nalisema baada ya kukifungua kile cha sakristia na kukuta kiota.

Na kwa mzazi mwenzangu aliyesimama kikaoni, ada yake nimeipokea na binti yake anaendelea vizuri. Jumamosi tunaanza saa tatu kamili. Namkaribisha aje akae kwenye benchi lile lile, karibu na binti yake anaposubiri zamu, nami nitampa ngoma ashike mapigo.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Kihesa, Iringa